Hisa 11 kutoka kwenye kichujio: nigaweje shilingi 400,000?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Kasarani. Nina akiba ya shilingi 400,000 (humo kuna 90,000 za karo ya Januari) na nataka kuanza kuwekeza katika soko la hisa la Nairobi. Nilitumia programu ya kuchuja hisa nikaipa masharti matatu: bei isizidi mara 6 ya faida ya kila hisa, mgao wa mwaka (sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa) usipungue asilimia 8 ya bei, na kampuni isiwe imepata hasara kwa miaka mitatu. Zimetoka kampuni 11: benki saba, mbili za chai, moja ya bima na moja ya kuzalisha umeme. Programu ina kitufe cha kukokotoa mgawanyo bora. Je, nikifuate kitufe hicho, nigawe pesa sawa kwa zote 11, au niweke nyingi kwenye nne zilizoongoza, ambazo zote ni benki?

Jibu: Mwalimu, masharti yako ni mazuri na sikushauri uyatupe. Lakini yamejibu swali moja tu, yaani kampuni zipi zinauzwa rahisi kwa bei ya leo. Kabla pesa haijatoka mfukoni kuna mengine ya kuuliza: niweke kiasi gani, kampuni hii itakaa kando ya zipi, nikitaka kuuza nitampata mnunuzi, na ni jambo gani litakalonifanya niondoke? Kichujio hakikuyagusa hayo. Kitufe chako kitayagusa kidogo, tena kwa namna inayonitia wasiwasi, nami nitaeleza kwa nini.

Tuanze na zile benki saba, maana hapo ndipo pesa zako zitakapoponea au kuumia. Soko letu lina kampuni sitini na kitu, na zaidi ya kumi ni benki au kampuni mama za benki. Ukiomba hisa za bei ya chini zenye mgao mnono, Nairobi itakupa benki karibu kila mara. Unaona majina saba tofauti na rangi saba za matawi, lakini chanzo cha faida ni kimoja: zote zinakopesha Wakenya na biashara za Kenya, zote zimejaza hatifungani za serikali (hati za kuikopesha serikali kwa riba) kwenye mizania zao, na zote zinamsikiliza Benki Kuu yule yule. Likitokea jambo la kuigusa biashara ya mikopo, haliulizi ni benki ipi iliongoza kwenye kichujio chako.

Jambo hilo limeshatokea. Tarehe 24 Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria iliyozuia riba ya mikopo kupita asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Siku zilizofuata hisa za benki zilianguka pamoja, zenye vitabu safi na zenye vitabu vibovu. Aliyekuwa na benki moja aliumia kwenye benki moja. Aliyekuwa na sita akidhani ametawanya hatari aliumia mara sita kwa siku zile zile. Sheria hiyo ilikaa hadi Novemba 2019, na miezi michache baadaye ikaja korona: Mei 2020 Equity iliuondoa mgao ambao ilikuwa imekwisha kuupendekeza kwa wenye hisa. KCB nayo haikulipa mgao wa mwaka 2023. Hizi ni benki kubwa, zenye faida, zinazoendeshwa na watu wenye ujuzi. Sizitaji ili kuzichafua. Nazitaja kwa sababu sharti lako la asilimia 8 linasoma mgao uliolipwa jana, wakati wewe utaishi na ule wa kesho.

Sasa tuweke namba. Ukigawa 400,000 sawa kwa kampuni 11, kila moja inapata takriban 36,400, na benki saba kwa jumla zinachukua karibu 254,500, yaani asilimia 64 ya pesa zako. Benki zikishuka kwa asilimia 30 kwa pamoja, utapoteza kama 76,000. Ukifuata wazo la nne zilizoongoza, pesa zako zote zimo kwenye benki na shimo linakuwa 120,000. Pengine wewe unaweza kuvumilia hilo. Ila livumilie ukiwa umelijua mapema, usije ukaligundua siku umefungua simu ukakuta wekundu mtupu.

Kuhusu kitufe. Hesabu iliyo nyuma yake ilianza na Harry Markowitz mwaka 1952, na ni hesabu nzuri: inachukua faida iliyotarajiwa ya kila hisa, kiasi ambacho bei yake hupanda na kushuka, na jinsi hisa zinavyosogea pamoja, kisha inatafuta mchanganyiko unaotoa faida kubwa kwa misukosuko midogo. Tatizo liko kwenye kinachotiwa ndani. Programu haijui faida itakayokuja, kwa hiyo inachukua ya miaka iliyopita na kuifanya kuwa ahadi. Kosa dogo kwenye makadirio hayo hubadilisha mgawanyo wote. Mwaka 2009 watafiti watatu, DeMiguel, Garlappi na Uppal, walilinganisha mbinu 14 za namna hii na mgawanyo wa sawa kwa sawa, na hawakupata hata moja iliyoushinda mgawanyo huo kwa uthabiti kwenye data mpya.

Na hapa Nairobi kuna balaa la ziada. Chukua hisa kama za Limuru Tea, ambazo zinaweza kukaa siku nyingi bila mtu kununua wala kuuza. Bei haisogei kwa sababu hakuna biashara, lakini kompyuta inaona mstari ulionyooka na kuhitimisha kwamba hisa hii ni tulivu. Kisha inakushauri uijaze. Utulivu huo ni wa karatasi tu, utaujua siku utakapotaka kuuza. Kwa sababu hiyo ningekiacha kitufe hicho kabisa katika soko lenye hisa nyingi zinazolala namna hii.

Basi kugawa sawa si wazo baya. Ila usigawe sawa kwa majina. Gawa kwa vyanzo vya hatari: kwanza uliza kila kampuni inakula wapi, ziweke kwenye makundi, gawa pesa kwa makundi, halafu ndani ya kundi ndipo uchague majina. Orodha yako ina makundi manne tu: mikopo, chai, bima na umeme. Na bima si ya mbali sana na benki kama inavyoonekana, kwa kuwa nayo hubeba hatifungani nyingi za serikali. Tukisema kweli, una makundi matatu na nusu.

Hapo ndipo nitakushauri jambo ambalo wapenzi wa vichujio hawapendi kulisikia: ruhusu kampuni mbili ambazo hazikupita. Safaricom na kampuni ya bia ya EABL, kwa mfano, huenda zilikwama kwenye sharti la mara 6, lakini zinapata pesa kwa njia ambayo orodha yako yote haina: mtu akituma pesa kwa M-Pesa, mtu akinunua bando, mtu akifungua chupa Ijumaa jioni. Sisemi ununue hizo mbili. Nasema kigezo cha kuingiza kampuni kwenye potifolio, yaani jumla ya hisa zako, kiwe pia ni kile inachoongeza kwa zilizomo, hata kama yenyewe peke yake si rahisi sana. Weka tu masharti yake pia: faida iwe ya kweli, deni lisiwe limeinyonga, na bei usiilipe kwa shauku. Ukichagua Safaricom, kumbuka kwamba ni kubwa mno kiasi kwamba ikiyumba soko zima linaonekana limeyumba. Hiyo pekee ni sababu ya kuiwekea kikomo.

Kabla ya kugawa, zipitie upya zile 11 kwa macho yako, ripoti ya mwaka mkononi. Kichujio husoma namba, hakisomi maelezo yaliyo chini yake. Mfano mzuri ni Kenya Power. Mwaka ulioishia Juni 2024 ilitangaza faida ya takriban bilioni 30 baada ya hasara ya bilioni 3 na ushei mwaka uliotangulia. Sehemu kubwa ya mageuzi hayo ilitokana na shilingi kupata nguvu, kutoka karibu 160 kwa dola mwezi Januari 2024 hadi karibu 130, hivyo madeni ya fedha za kigeni yakapungua yakihesabiwa kwa shilingi. Ukigawa bei ya hisa kwa faida ya mwaka kama huo, utapata namba ndogo ya kuvutia sana. Lakini shilingi haitapanda namna hiyo kila mwaka. Fanya hivi: jumlisha faida za miaka mitano, gawa kwa tano, kisha linganisha bei na wastani huo. Kampuni za chai zifanyie hivyo bila kukosa, kwa kuwa mvua na bei ya mnada wa Mombasa huzitupa huku na huku mwaka hadi mwaka.

Mgao nao ukague ni wa aina gani. Bamburi ililipa mgao maalumu mwaka 2024 baada ya kuuza Hima Cement ya Uganda. Zile zilikuwa pesa za mali iliyouzwa, na mali huuzwa mara moja. Kichujio kisichotofautisha kingekuonyesha kampuni inayolipa mgao wa ajabu.

Kuna suala la kuuza, ambalo wanaoanza hulidharau kwa sababu bado wana hamu ya kununua. Angalia kwa miezi mitatu hisa hiyo huuzwa kwa shilingi ngapi kwa siku ya kawaida. Kama ni 15,000 hivi kwa siku na baadhi ya siku ni sufuri, usiweke humo 60,000. Na kumbuka kuna kufungiwa kabisa: ARM Cement ilisimamishwa sokoni Agosti 2018 na Mumias Sugar mwaka 2019, na wenye hisa wakabaki na karatasi. Kenya Airways ilisimamishwa Julai 2020 ikarudi sokoni Januari 2025. Miaka minne na nusu pesa ya mtu imefungwa, iwe ana karo ya kulipa au mgonjwa wa kupeleka hospitali.

Hilo linanirudisha kwenye ile 90,000 uliyoitaja ndani ya mabano. Itoe leo. Pesa yenye tarehe haikai kwenye hisa, na Januari ina tarehe. Iweke kwenye mfuko wa soko la fedha (unaokusanya pesa za wengi na kuzikopesha kwa muda mfupi) au akaunti ambayo unaweza kutoa ndani ya siku chache. Kama huna akiba nyingine ya dharura, toa zaidi ya hiyo. Mwalimu anayelazimika kuuza hisa Machi kwa bei ya kutupa kwa sababu gari limeharibika ameshindwa na mpangilio wake mwenyewe, kampuni alizochagua hazina lawama.

Tuseme basi umebaki na 310,000 za kuwekeza kwa miaka mitano au zaidi. Mimi ningejiwekea mipaka miwili: kampuni moja isizidi asilimia 15, kundi moja lisizidi asilimia 35. Kwa mipaka hiyo mpango ungeweza kuwa hivi. Kati ya benki saba chagua tatu, 35,000 kila moja, jumla 105,000. Zitofautiane kadiri inavyowezekana: moja yenye biashara kubwa nje ya Kenya, moja yenye wateja wadogo wengi, moja inayotegemea kampuni kubwa. Zile mbili zisizopita kichujio, 45,000 kila moja, jumla 90,000. Umeme 35,000. Bima 30,000. Chai, kampuni moja kati ya mbili, 20,000 tu, na udogo huo ni kwa sababu ya ugumu wa kuuza, hauhusiani na ubora wa kampuni. Hiyo ni 280,000 katika kampuni nane. 30,000 zilizobaki zikae pembeni kama pesa taslimu.

Sasa rudia jaribio. Benki zikishuka asilimia 30 kwa pamoja, unapoteza 31,500, yaani asilimia 10 ya 310,000. Kampuni yako kubwa kuliko zote ikifa kifo cha Mumias, unapoteza 45,000. Inauma, lakini unaamka kesho ukiwa bado na potifolio. Mimi huanza na maswali hayo mawili na kurudi nyuma hadi kwenye kiasi cha pesa. Kama namba hizo bado zinakunyima usingizi, jibu ni kupunguza hisa kwa jumla; kutafuta hisa nzuri zaidi hakutakusaidia. Hatifungani za serikali zipo, za kawaida unaanza na 50,000 na za miundombinu 100,000, na riba ya hizo za pili haikatwi kodi. Ile ya Februari 2024 ilitoa asilimia 18.46 kwa mwaka. Viwango vimeshuka sana tangu hapo, lakini linganisha kila mara: mgao wa asilimia 8 ukikatwa kodi ya asilimia 5 unabaki 7.6, na hauna dhamana. Hisa inatakiwa ikulipe zaidi ya hapo kwa kukua kwake, la sivyo unabeba hatari ya bure.

Kununua usifanye siku moja. Gawa mara tatu au nne ndani ya miezi sita hivi, na toa agizo lenye bei ya mwisho unayokubali kulipa, hasa kwa chai na bima, kwa kuwa bei uliyoiona kwenye programu inaweza kuwa ya mtu mmoja aliyeuza hisa chache wiki iliyopita. Tangu 2025 unaweza kununua hata hisa moja kwenye ubao wa kawaida, hulazimiki tena kuanzia 100, kwa hiyo kununua kidogo kidogo hakuna taabu. Dalali wako hakikisha ana leseni ya CMA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Orodha wanaichapisha wenyewe.

Kuhusu kuuza, jihadhari na kichujio chenyewe kukugeuza mchuuzi. Hebu fikiria umenunua kampuni kwa mara 5 ya faida, watu wakaigundua, bei ikapanda hadi mara 7. Kichujio kitaitupa nje kwa sababu umepata ulichokuwa unatafuta! Ukikitii kila robo mwaka utauza zinazopanda na kununua zinazoshuka, huku makato yakikaribia asilimia 2 kila unaponunua na 2 nyingine kila unapouza. Kugeuza potifolio nzima mara nne kwa mwaka ni kutupa karibu asilimia 16. Tenganisha mlango wa kuingia na wa kutoka: ingia chini ya mara 6, lakini usifikirie kuuza kwa sababu ya bei mpaka ipite, tuseme, mara 11 au 12. Faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa sokoni haitozwi kodi kwetu, kwa hiyo hakuna haraka ya kikodi upande wowote.

Kuna sababu nyingine za kuondoka, na hizo ziandike kabla ya kununua, mstari mmoja kwa kila kampuni kwenye daftari. Kwa benki: mikopo isiyolipwa ikipanda miaka miwili mfululizo. Kwa kampuni yenye deni: ikianza kukopa ili ilipe mgao. Kwa yoyote: mkaguzi akikataa kutoa maoni safi kuhusu vitabu. Sheria inaitaka kampuni iliyo sokoni itoe onyo mapema ikiona faida itashuka kwa asilimia 25 au zaidi. Onyo kama hilo likitoka, soma sababu siku hiyo hiyo, kisha amua kwa kulinganisha na mstari wako, usilinganishe na kelele za mtandaoni.

Mara mbili kwa mwaka zinatosha kupitia yote. Mei, kwa kuwa kampuni zinazofunga mwaka Desemba huwa zimeshatangaza, na Novemba kwa zile za Juni. Siku hiyo hesabu kila kundi limekuwa asilimia ngapi. Lililopita kikomo usikimbilie kuliuza: chukua migao iliyoingia, ongeza na akiba mpya ya mshahara, nunua kwenye kundi lililobaki nyuma. Kwa kiasi chako, hiyo itarekebisha mizani miaka kadhaa bila kulipa makato ya kuuza hata mara moja. Ndiyo maana nataka ufungue akaunti yako ya CDS (ile inayotunza hisa zako kielektroniki) ikiwa na namba sahihi ya benki na ya simu, na jina la mrithi likiwa limejazwa. Migao isiyochukuliwa huishia kwenye Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, na kuirudisha kutoka huko ni makaratasi mengi kwa familia ambayo hata haikujua hisa zilikuwepo.